Joomla: Programu Yenye Jina la Kiswahili

Ukisikia mafundi wa tovuti wakitaja Joomla, usidhani ni neno la Kizungu. Ni "jumla" yetu, ila tahajia ndiyo ya Kiingereza.

Programu hii huria ya kuendesha tovuti ilianza mwaka wa 2005, waundaji wa programu ya Mambo walipotofautiana na kampuni ya Miro ya Australia kuhusu usimamizi wa kazi yao. Kampuni ilibaki na jina. Lakini msimbo ulikuwa chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza. Wakaondoka nao kihalali, na Septemba mwaka huo wakatoa toleo la kwanza. Kwa leseni hiyo, aliyekutengenezea tovuti akifunga duka, fundi mwingine anaweza kuiendeleza. Programu ni bure. Fundi na seva hulipiwa.