Ukakamavu wa Mshale: Hesabu Chache za Fizikia na Maneno Yake

Miaka kadhaa iliyopita chama kimoja cha vijana walengaji wa shabaha kiliniomba nikifasiri kijitabu cha kuandaa mishale. Niliikubali kazi hiyo kwa wepesi, maana nilipokuwa masomoni ng'ambo nilijifunza kidogo kutumia upinde, tena nilijiona mwenye maneno. Katika ukurasa mmoja palitajwa mshale usiopenda kupinda. Nami kwa haraka nikaandika "mshale mzito". Vijana ambao mishale yao ilikwenda kushoto wakasoma kwamba mishale yao ni mizito mno, wakatia vyembe vyepesi zaidi, na mishale ikazidi kwenda kushoto. Kosa lilikuwa langu, wala halikuwa la sarufi. Ningalipiga hesabu kabla ya kufasiri, nisingaliandika neno lile.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya asili katika jambo hili. Mti wa mshale ni wano, ncha yake ni chembe, kamba ya upinde ni upote, na mfuko wa mishale ni podo au ziaka. Taabu huanza tunapotaka kutaja tabia za vitu hivyo, kwa kuwa neno "uzito" limebebeshwa mizigo mitatu: uzito wa mshale katika mizani, nguvu za kuvuta upinde, na ugumu wa wano kupinda. Mambo haya matatu hupimwa kwa vizio mbalimbali, na mtu akiyachanganya hupotea.

Tuanze na upinde. Wazungu husema upinde una "uzito" wa ratili 40, lakini hawasemi habari ya mizani; wanataja kani inayohitajika kuuvuta mpaka mwisho, yaani nyutoni 180 hivi. Mswahili husema upinde mgumu, na nadhani husema vema zaidi. Kani hiyo huanza katika sifuri na kuongezeka kadiri upote unavyovutwa, kwa hiyo wastani wake ni nusu. Upote ukivutwa nusu mita, nishati iliyowekwa ni nusu ya 180 mara 0.5, yaani juli 45. Sehemu yake hubaki katika mikono ya upinde na katika upote wenyewe. Tukichukua kwamba sehemu 7 katika 10 huingia katika mshale, tunapata juli 31.5. Mshale wa gramu 28 ukipewa nishati hiyo huondoka kwa mwendo wa mita 47 na kitu kwa sekunde, maana nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mwendo mara mwendo. Shabaha iliyo mita 18 huufikia kwa sekunde 0.38, na katika muda huo mshale huanguka sentimita 71 chini ya mstari ulioelekezwa. Hapo ndipo uzito halisi una kazi yake: hupunguza mwendo na kuongeza anguko.

Lakini uzito hausemi kwa nini mshale huenda kushoto. Katika upinde wa mti mshale hulazwa ubavuni mwa mpini, haupiti katikati yake. Upote unapoachiwa hurudi kwenye mstari wa katikati, na kwa mtu wa mkono wa kulia ncha ya mshale ingepaswa kusukumwa kushoto zaidi na zaidi. Hata hivyo mshale mwema hufika ulikoelekezwa. Hiki ni kitendawili, na katika miaka ya 1930 wanafizikia, miongoni mwao Paul Klopsteg na Clarence Hickman, walikichunguza kwa picha za kasi. Picha zilionyesha kwamba mshale haupiti ukiwa umenyooka. Msukumo wa nyuma huupinda, nao huuzunguka mpini kama nyoka anavyopita kando ya jiwe. Kwa upinde wetu msukumo wote hudumu sekunde 0.017 hivi, na kupinda na kunyooka kwa mshale hakuna budi kupatana na muda huo. Ukipinda kidogo mno, huugusa mpini na kwenda kushoto. Ukipinda kupita kiasi, huenda kulia.

Sifa hiyo, ambayo Waingereza huiita kwa jina la uti wa mgongo, mimi naiita ukakamavu. Hupimwa kwa kulaza wano juu ya vihimili viwili vilivyoachana sentimita 71, na kutundika gramu 880 katikati. Likishuka milimita 12.7, yaani nusu inchi, huandikwa 500, kwa sehemu za elfu za inchi. Msomaji aangalie kwamba namba kubwa ni ya wano laini, si ya wano kakamavu. Wafasiri wengi huteleza hapa.

Kushuka huko hufuata urefu mara tatu: wano la sentimita 75 likikatwa libaki 72, kupinda kwake hupungua kwa sehemu 11 au 12 katika 100, ijapokuwa namba iliyochapwa juu yake ni ile ile. Na kwa wano la mti mzima ukakamavu hufuata unene mara nne. Ukilisugua kutoka milimita 8 hadi 7.6, umeondoa karibu sehemu moja katika tano ya ukakamavu wake. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hunyoosha mishale kwa moto na kwa meno, hawahitaji mizani kujua hayo. Mikono yao huyajua.

Sasa turudi kwa vijana wangu. Mshale wao ulikuwa na wano la gramu 17, chembe cha gramu 8, na manyoya pamoja na kishikizo cha upote gramu 3. Manyoya huficha makosa, kwa hiyo jaribio la kweli ni kupiga mshale usio na manyoya pamoja na wenye nayo. Ule mtupu ulipiga kushoto: mkakamavu mno. Dawa ilikuwa kuongeza chembe, kwa maana ncha nzito hukawia kuanza mwendo, na wano lililosukumwa kutoka nyuma hupinda zaidi. Chembe cha gramu 10 hupeleka mahali pa mizani kutoka sentimita 44.6 hadi 46.7 toka nyuma, yaani mbele ya katikati kwa sehemu 12 katika 100, nacho ni kiasi chema. Mwendo hupungua kufikia mita 45.8 kwa sekunde, na mshale huanguka sentimita 5 zaidi, jambo ambalo mlengaji hulirekebisha kwa jicho. Mimi niliwafanya wapunguze.

Kijitabu kilisahihishwa, na "mkakamavu" likaingia mahali pa "mzito". Halafu kijana mmoja akaja kuniuliza mshale mkakamavu zaidi unauzwa wapi. Kwake neno hilo ni sifa ya mtu hodari, asiyetishika. Ilinibidi niongeze mstari mmoja: kwamba ukakamavu wa mshale huchaguliwa kwa kadiri ya upinde, na kwamba upinde laini hutaka mshale laini.