Mpunga Unaokufa kwa Kiu Ndani ya Maji

Katika delta ya Rufiji, mkabala na kisiwa cha Mafia, bahari huwasaidia wakulima kumwagilia mpunga. Mto unapofurika wakati wa masika, maji yanayojaa pwani huuzuia usitoke, na maji baridi hurudi nyuma yakapanda hadi mashambani. Kiangazi mambo hugeuka. Mto hupungua nguvu, na kwa kuwa maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto, hupenya chini kwa chini na kupanda kuelekea bara. Ikifika bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji hayo huweza kuingia shambani. Hapo mpunga uliosimama kwenye maji tele huanza kukauka ncha za majani.

Kwa nini mmea ufe kwa kiu ilhali umo majini? Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Mzizi hupata maji kwa sababu ndani ya seli zake mna madini na sukari nyingi zilizoyeyuka kuliko zilizomo kwenye maji ya udongo, nayo maji hupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Chumvi ya nje ikiongezeka, mzizi huvuta kwa shida. Ikizidi ile ya ndani, maji hutoka mzizini, kama vitunguu vya kachumbari vinavyotoa majimaji vikitiwa chumvi.

Hilo ndilo pigo la kwanza, nalo huja upesi. Ili usipoteze maji, mmea hufunga matundu madogo ya majani. Lakini hewa ya ukaa, ambayo mmea huihitaji kutengeneza chakula kwa nuru ya jua, huingia kwa matundu hayohayo. Chakula hupungua, na majani mapya hudumaa.

Pigo la pili huja taratibu, kwa siku na majuma. Sodiamu na kloridi hupanda pamoja na maji. Maji huondoka kwa mvuke, chumvi ikabaki kwenye jani. Ndiyo maana majani makongwe hutangulia kufa. Sodiamu pia inafanana na potasiamu, hivyo huikalia nafasi kwenye vimeng'enya, lakini kazi ya potasiamu haiiwezi.

Mpunga huanza kupunguza mavuno chumvi ikifika takriban gramu 2 kwa lita moja ya maji ya udongo, sawa na sehemu 1 ya maji ya bahari kwenye sehemu 17 hivi za mchanganyiko. Mahindi na maharage huanza kuumia mapema zaidi. Madhara hutegemea pia umri. Mbegu ya mpunga huweza kuota penye chumvi kiasi, ila miche michanga hudhurika haraka, na chumvi ikija wakati wa kuchanua huharibu chavua. Shamba huonekana limestawi, kumbe masuke yamejaa mapepe.

Jirani na mashamba hayo, mikoko hustawi kwenye chumvi ileile. Aina iitwayo hasa mkoko huchuja sehemu kubwa ya chumvi mizizini kabla haijapanda. Aina nyingine, mchu, huiruhusu ipite, kisha huitoa kwa tezi za majani, na fuwele zake huonekana juani. Kazi hiyo hula nguvu nyingi, na hata mikoko hukua vizuri zaidi maji ya mto yakichanganyika na ya bahari.

Watafiti wa mbegu wamepata msaada kwa mpunga wenyewe. Pokkali, mpunga wa kale wa pwani ya Kerala nchini India, ndio chanzo cha eneo la kijenetiki liitwalo Saltol, linalosaidia kupunguza sodiamu inayofika kwenye majani. Tanzania nayo ina aina za mpunga zinazostahimili chumvi, SATO 1 na SATO 6.

Hata hivyo mbegu haiondoi chumvi shambani. Jua huchukua maji na kuiacha chumvi, msimu baada ya msimu. Chumvi huondoka kwa kuoshwa na maji baridi mengi yenye mfereji wa kuyatoa. Na pale sodiamu iliposhika udongo wa mfinyanzi hadi ukakataa kupitisha maji, jasi husaidia, kwa kuwa kalsiamu yake huing'oa sodiamu ili maji yaisombe.

Rufiji imetuonyesha kwa ukubwa wake nguvu hii ya maji baridi. Tangu miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ya mto ilihamia matawi ya kaskazini ya delta, na kilimo cha mpunga kikaongezeka upande huo. Leo Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, linashika maji ya mto huo juu ya delta. Kiasi kinachoachiliwa, na majira yake, vitaamua chumvi isimame wapi.

Tumezoea kusema kwamba maji ya mto yakifika baharini yamepotea bure. Hayajapotea. Yanaisukuma bahari, yanaosha udongo, yanalisha mikoko. Kila mpango wa kugawa maji ya mto unapaswa kuyatengea mashamba ya mdomoni fungu lao, tena kabla ya mpunga kuchanua, maana yakichelewa hapo mavuno ya mwaka huo hayarudi.