Kauri Iliyomo Ndani ya Probu ya Utrasaundi

Nyuma ya uso laini wa probu inayopitishwa juu ya tumbo la mama mjamzito, mara nyingi mna safu ya vipande vyembamba vya kauri iliyotengenezwa kwa risasi, zirkoni, titani na oksijeni. Ikipewa umeme, kauri hiyo hutetemeka na kutoa mawimbi; mwangwi ukirejea, huzalisha umeme unaochorwa kuwa picha.

Kauri hii imegawanyika ndani kwa ndani katika maeneo madogo mno, kila moja na mwelekeo wake wa umeme, yakitenganishwa na kuta. Kiwandani hutiwa volti kubwa ili maeneo hayo yaelekee upande mmoja. Tangu hapo kuzeeka huanza: kuta hutulia, mwitikio hupungua, kauri hukakamaa kidogo. Jambo la kustaajabisha ni mwendo wake, kwani badiliko la kati ya siku ya 1 na ya 10 hukaribia kulingana na lile la kati ya siku ya 10 na ya 100, kisha ya 100 na ya 1,000.

Kasi hiyo hutegemea elementi ngeni zinazotiwa kwa kiasi kidogo. Niobi, ikishika nafasi ya titani, huzilegeza kuta: kauri huwa nyumbufu zaidi, hupokea mwangwi hafifu na huzeeka polepole. Hiyo ndiyo ifaayo kwa picha. Chuma au manganisi huacha mapengo ya oksijeni yanayojipanga taratibu na kuzifunga kuta. Kauri huwa ngumu, haipotezi nguvu nyingi kwa joto, ila huzeeka waziwazi zaidi. Ndiyo hutumika kwenye vifaa vya kuondoa ukoga uliogandamana kwenye meno.

Basi probu kuukuu ikionyesha mstari mweusi ulio wima, tusiharakishe kulaumu umri. Mabadiliko ya haraka ya kauri yalikwisha zamani. Aghalabu mstari huo ni kipande kilichokufa au waya iliyokatika, baada ya probu kuanguka au kebo kukanyagwa na magurudumu ya kitanda. Joto nalo huvuruga mwelekeo wa maeneo yale na kulegeza gundi; kwa hiyo probu isiingizwe katika otoklevu isipokuwa mtengenezaji ameruhusu.

Kuichunguza ni rahisi. Paka jeli kidogo, kisha pitisha ukingo wa kibanio cha karatasi juu ya uso wake, taratibu, bila kukwaruza. Kinapogusa, mwangwi hung'aa kwenye skrini. Ukififia mahali pamoja kila mara, mwite fundi wa vifaa tiba kabla ya kumpima mgonjwa mwingine.