Uvungu wa ngazi: Tumia nafasi, usizibe njia

Pita leo Goba, Madale, Kigamboni au Mbezi uangalie nyumba zinazoinuka. Viwanja vya Dar es Salaam vimekuwa vidogo na bei imepanda, kwa hiyo wenye nyumba wengi wanaamua kwenda juu badala ya kwenda pembeni. Ngazi, ambayo wengi wetu tulizoea kuikuta ofisini na hospitalini, sasa inaanzia katikati ya sebule. Chini yake, nyumba baada ya nyumba, vitu ni vilevile: begi la safari lililong'oka gurudumu, feni iliyoungua, ndoo za rangi zilizobaki wakati wa ujenzi, boksi la televisheni, jiko la mkaa na mtungi wa gesi wa akiba.

Siku mwenye nyumba akichoka kuliangalia rundo hilo, humwita fundi na kumwagiza azibe. Fundi huleta tofali au mbao, anaweka mlango na kufuli, kazi imekwisha. Sebule inapendeza, na rundo lipo palepale, ila sasa halionekani.

Kuziba ngazi na kuutumia uvungu wake ni kazi nzuri, na gharama yake ni ndogo kuliko kujenga chumba kipya. Lakini ngazi haifanani na kona nyingine za nyumba. Kwa familia nyingi za ghorofa moja, ndiyo njia pekee ya kuwatoa waliolala juu. Kila kinachojengwa ubavuni mwake, na kila kinachowekwa chini yake, kipimwe kwanza kwa jambo hilo.

Stara, baridi na watoto

Wanaotaka kuziba ngazi wana sababu za msingi. Ya kwanza ni stara. Ngazi ikianzia sebuleni, mgeni aliyeketi kwenye kochi anamwona kila anayepanda na kushuka kutoka vyumba vya kulala. Mama hawezi kushuka na kanga moja kufuata maji ya kunywa, na binti aliyetoka kuoga inabidi asubiri wageni waondoke. Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, walilijua jambo hili vizuri. Katika nyumba zao nyingi za mawe na chokaa, ngazi hupanda katikati ya kuta nene, wenye nyumba wakaenda zao juu bila kupita machoni pa mgeni.

Sababu ya pili ni bili ya umeme. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Ukiwasha kiyoyozi kwenye ukumbi wa juu ulio wazi, ubaridi unateremka na ngazi hadi sebuleni, na mashine inaendelea kusaga uniti za LUKU bila kupumzika. Ukuta mwepesi na mlango unaofunga vizuri huubakiza ubaridi mahali unapolipiwa.

Ya tatu ni watoto. Anayejifunza kutambaa haiogopi ngazi, anaipenda. Nyumba nyingi zimewekewa reli za mapambo zenye nafasi pana kiasi cha mtoto kupitisha kichwa. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka mpira wa kipenyo cha sentimita 10 usipite katikati ya nguzo za reli ya ngazi ya nyumbani. Kipimo hicho kinafaa popote, na fundi anaweza kukihakiki kwa kipande cha mbao.

Joto nalo lina njia yake

Kwa mwambao wetu, kuziba ngazi kuna gharama isiyoandikwa kwenye makadirio ya fundi. Ngazi iliyo wazi hufanya kazi ya bomba la moshi: hewa ya joto hupanda, hutokea madirishani juu, na hewa mpya huingia kwa chini. Ukijenga ukuta mzima toka sakafuni hadi darini bila tundu, unaikata safari hiyo. Sebule inakuwa na fukuto, ngazi inakuwa giza mchana kweupe, na taa iliyokuwa ikiwashwa usiku inaanza kuwashwa saa nne asubuhi.

Dawa yake si ngumu. Ukuta wa ngazi unaweza kuwa na tofali za matundu sehemu ya juu, au mbao za luva zinazopitisha upepo na kuzuia macho. Dirisha dogo juu kabisa, karibu na dari ya ghorofani, hutoa joto na kuleta mwanga. Anayetaka kubakiza ubaridi wa kiyoyozi aweke mlango mwepesi anaoweza kuuacha wazi jioni, upepo wa bahari unapoanza kuvuma.

Kuna chumba humo

Watu wengi hawajui ukubwa wa nafasi wanayoiachia vumbi. Tuchukue ngazi ya moja kwa moja yenye vidato 18, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 17 na sehemu ya kukanyaga ya sentimita 28. Ni vipimo vizuri. Mwaka 1675 Mfaransa François Blondel aliandika kanuni ambayo wasanifu wanaitumia hadi leo: zidisha kimo kwa mbili, jumlisha sehemu ya kukanyaga, na jibu likaribiane na urefu wa hatua ya mtu. Hapa tunapata sentimita 62, hatua ya kawaida kabisa.

Ngazi hiyo inapanda kama mita tatu na inachukua karibu mita 4.8 za sakafu. Ikiwa upana wake ni mita moja na zege lake lina unene wa sentimita 15, chini yake kuna takriban mita sita za ujazo. Kabati kubwa la nguo la milango mitatu huwa na mita mbili na ushee.

Nafasi hiyo haina kimo kimoja, na hapo ndipo hesabu ya seremala inapoanza. Upande wa juu, kama mita 1.2 za mwisho, mtu mzima anasimama bila kuinama. Mita 1.6 zinazofuata zina kimo kati ya mita moja na mbili, yaani pa kuketi au kuinama. Mita 1.9 zilizobaki, kuelekea kidato cha kwanza, ni za kuingiza mkono tu. Anayeweka mlango mmoja upande mrefu na kutegemea kufika hadi mwisho atajikuta anatambaa kwa magoti na tochi mdomoni.

Kwa ngazi inayogeuka katikati hesabu ni nyingine. Lile jukwaa la kugeukia huwa kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, na ukitoa unene wa zege inabaki mita 1.35 hivi. Hapo usipange kusimama. Panga kabati, meza ya mtoto ya kusomea au mahali pa mashine ya kufulia.

Kinachofaa na kinachosumbua

Namna bora ya kuitumia sehemu ya chini ni kuivuta nje badala ya kuingia ndani. Jirani yangu wa Tabata alimwagiza seremala masanduku matatu yenye magurudumu, kila moja likiwa na uso uliokatwa mshazari kufuata mteremko wa ngazi. Fupi limebeba viatu vya watoto, la kati mashuka na vyandarua, refu ndoo, mopu na pasi. Ukilivuta lolote linatoka lote, na nyuma yake sakafu inafagilika. Wazo lenyewe lina umri mkubwa: Wajapani wa enzi za Edo walitengeneza ngazi za mbao ambazo chini ya vidato vyake kulikuwa na droo na makabati.

Upande mrefu unafaa kwa stoo ya kusimama au choo cha wageni. Choo kinahitaji fikra zaidi. Mahali anaposimama mtu mbele ya bakuli pawe na mita mbili za kimo, na mteremko wa ngazi uwe nyuma ya bakuli. Weka feni ya kutolea hewa inayofika nje ya ukuta, maana choo kisicho na dirisha katikati ya nyumba hutangaza habari zake sebuleni. Bomba la maji taka lipate mteremko wa kutosha. Kwa bomba la inchi nne, mafundi wengi huteremsha sentimita moja kila sentimita 40.

Adui mkubwa wa uvungu uliofungwa ni unyevu. Mabegi ya ngozi huota ukungu, vitabu hunuka, na MDF hufura hadi milango ikagoma kufunga. Tumia plaiwudi inayostahimili maji, au mninga kama mfuko unaruhusu, kwa sababu mchwa hawauwezi kirahisi. Acha upenyo chini ya mlango na matundu sehemu ya juu ili hewa izunguke. Kabati lisigusane na ukuta wa nje unaopigwa na mvua.

Usichokoe zege

Ngazi ya zege inabebwa na nondo, na nondo kuu za ngazi ya kawaida hulala upande wa chini wa mteremko, zikiwa zimefunikwa na zege la sentimita mbili au tatu tu. Huo ndio upande fundi anaouona akiwa ndani ya uvungu. Akipiga patasi ili azamishe waya wa taa au achomeke mbao za rafu, anakula ngozi inayozilinda nondo. Unyevu ukizifikia zitapata kutu, kutu itavimba, na zege litaanza kubanduka. Kwa hiyo rafu zisimame sakafuni kwa fremu zake zenyewe, na waya upite kwenye bomba la juu ya plasta.

Ukuta wa kuzibia nao una uzito wake. Tofali zege za inchi sita zina karibu kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa fremu nyepesi na jipsamu pande zote mbili hauzidi sehemu ya kumi ya uzito huo. Sakafu ya chini iliyomwagwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa inaweza kubeba tofali. Slabu ya juu isibebeshwe ukuta ambao haukuwa kwenye ramani bila mhandisi aliyesajiliwa kuikagua. Na kama kazi inahusu kubomoa ukuta uliopo chini ya ngazi, anza kwa mhandisi, na uulize halmashauri kama inahitaji kibali.

Visivyoingia humo kamwe

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema, na maana yake ni kwamba mitungi ya gesi itazidi kuingia majumbani. Mahali pake si chini ya ngazi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya uvungu uliofungwa inatulia sakafuni ikisubiri cheche, na cheche hiyo inaweza kutoka kwenye swichi ya taa ya humohumo. Betri za asidi za inverta hufanya kinyume: zikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi nyepesi mno, ambayo hupanda na kujikusanya pembe ya juu ya mteremko. Petroli ya jenereta, tina na rangi za mafuta navyo vikae nje.

Tahadhari hii imelipiwa kwa roho za watu. Tarehe 18 Novemba 1987, katika kituo cha treni cha King's Cross jijini London, moto ulianzia chini ya ngazi ya umeme iliyotengenezwa kwa mbao, mahali ambapo grisi na takataka zilikuwa zimelimbikizana. Wachunguzi walibaini kwamba miali ilijilaza kwenye mteremko na kukimbilia juu kwa kasi. Watu 31 walikufa.

Ili kuchelewesha moto wa uvunguni, kanuni ya ujenzi wa nyumba za makazi inayotumika katika majimbo mengi ya Marekani inataka uvungu uliozibwa na wenye mlango uvalishwe jipsamu ya nusu inchi kwa ndani. Madini ya jipsamu yamebeba maji, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, na moto hulazimika kuyachemsha maji hayo kabla ya kupenya. Dakika zinazopatikana zinaweza kutosha kushusha watoto. Kama ngazi yako ni ya mbao, usiache hatua hii. Ongeza na kengele ya moshi juu ya ngazi.

Liko pia jambo la grili. Kwa hofu ya wezi, familia nyingi hufunga ngazi usiku kwa grili na kufuli. Moshi ukijaa, hakuna anayeona tundu la kufuli. Weka komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, lisilofikiwa na mkono wa mwizi aliye nje. Mlango wa stoo ya uvunguni nao ufunguke kwa ndani, kwa sababu watoto hujificha humo wakicheza.

Jumamosi hii, kabla hujampigia seremala, toa kila kitu kilichomo chini ya ngazi yako na ukitandaze sebuleni. Mtungi na petroli vipeleke nje, vilivyokufa vigawe au vitupe, kisha chukua futi upime kimo mahali patatu. Fundi akifika, mwonyeshe kwanza hewa itapita wapi na watu watatokea wapi. Namba ya Zimamoto, 114, iandike ukutani kwenye kidato cha mwisho juu. Baada ya hapo, chora kabati.