Dhamana si Kufutiwa Kesi: Namna Habari za Kutia Hofu Zinavyopotosha Mjadala wa Haki Jinai

Usiku wa tarehe 2 Januari, 2015 wakazi wa maeneo mengi ya Jiji la Dar es Salaam walifunga maduka kabla ya wakati na kukimbilia majumbani. Chanzo kilikuwa vurugu za kundi la vijana waliotoka kumzika mwenzao, lakini habari ilikimbia kuliko tukio lenyewe. Kupitia simu za mkononi zilienea taarifa kwamba "Panya Road" wameingia mtaa huu na ule kwa wakati mmoja, na kila aliyepokea ujumbe alimtumia mwingine kabla ya kuuthibitisha.

Uhalifu wa makundi hayo haukuwa hadithi, kwani wapo wananchi waliojeruhiwa na kuporwa mali zao. Hata hivyo, usiku ule ulionesha jinsi hofu inavyoweza kulikuza tukio la eneo moja likaonekana kuwa hali ya jiji zima. Hofu ya namna hiyo haiishii mitaani. Hufika katika mijadala ya sheria, na mara nyingi jambo la kwanza kunyooshewa kidole huwa ni dhamana.

Dhamana ni nini hasa

Dhamana ni utaratibu wa kisheria unaomwezesha mtuhumiwa au mshtakiwa kuwa nje ya mahabusu wakati upelelezi au kesi yake ikiendelea, kwa ahadi kwamba atafika polisi au mahakamani kila atakapotakiwa. Kupata dhamana si kuachiwa huru wala kufutiwa kesi. Mashtaka hubaki palepale, mashahidi huitwa, na mshtakiwa akipatikana na hatia huadhibiwa.

Msingi wake umo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa, na Ibara ya 15 inalinda uhuru wa mtu binafsi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu uhuru huo kuzuiwa. Mtu anayesubiri hukumu bado hajahukumiwa. Kumweka rumande kwa sababu tu jamii imemkasirikia ni kumpa adhabu kabla ya hukumu.

Dhamana huambatana na masharti. Mahakama inaweza kumtaka mshtakiwa awe na wadhamini wanaoaminika, wenye vitambulisho na barua za utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Inaweza pia kumtaka asaini hati ya ahadi ya fedha, asalimishe hati ya kusafiria, au asitoke nje ya eneo fulani bila kibali. Anayekiuka masharti hayo anaweza kufutiwa dhamana na kurejeshwa rumande, na wadhamini wake wakatakiwa kulipa fedha walizoahidi.

Yapo pia makosa yasiyo na dhamana. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inayataja kuwa ni pamoja na mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji wa fedha haramu. Kwa hiyo, dhana kwamba mtu yeyote akikamatwa leo kesho anarudi mtaani haiendani na sheria ilivyo.

Mahakama na mizani ya haki

Mipaka ya dhamana nchini imekuwa ikipimwa mahakamani kwa hoja na ushahidi. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha sehemu ya kifungu cha 148(5) iliyozuia dhamana kwa kuangalia aina ya tuhuma pekee. Mwaka 2018, katika shauri la Jeremia Mtobesya, Mahakama hiyo ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba kifungu cha 148(4), kilichowezesha dhamana kuzuiwa kwa hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka, kilikuwa kinyume na Katiba. Miaka miwili baadaye, katika shauri la Dickson Sanga, ilitengua uamuzi wa Mahakama Kuu uliokuwa umebatilisha kifungu cha 148(5), hivyo orodha ya makosa yasiyo na dhamana ikabaki kuwa halali.

Maamuzi hayo hayakuelekea upande mmoja. Katika kila shauri swali lilikuwa namna ya kulinda uhuru wa mtu mmoja bila kuhatarisha usalama wa wengi. Swali la aina hiyo haliwezi kujibiwa kwa kichwa cha habari.

Funzo kutoka Marekani

Uzoefu wa Marekani unaonesha kinachotokea pale hofu inapotangulia takwimu. Kwa mujibu wa takwimu za shirika la upelelezi la nchi hiyo, FBI, kiwango cha uhalifu wa kutumia nguvu kilishuka kwa karibu nusu kati ya mwaka 1993 na 2019. Hata hivyo, katika kura nyingi za maoni zilizofanywa na taasisi ya Gallup katika kipindi hicho, wananchi wengi walisema uhalifu nchini mwao unaongezeka. Tukio linaloonekana kwenye televisheni huacha alama, ilhali siku elfu moja za utulivu hazipewi nafasi katika taarifa ya habari.

Katika Jimbo la New York, kijana Kalief Browder alikamatwa mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 16, akituhumiwa kuiba begi. Dhamana yake iliwekwa dola 3,000, kiasi ambacho familia yake haikukimudu. Alikaa takriban miaka mitatu katika gereza la Rikers Island bila kesi yake kusikilizwa, muda mrefu kati ya huo akiwa katika chumba cha peke yake. Mwaka 2013 mashtaka yalifutwa, na mwaka 2015 alijiua akiwa na umri wa miaka 22.

Kisa hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyochochea mageuzi. Mwaka 2019 Bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria iliyoondoa dhamana ya fedha kwa makosa mengi madogo na yasiyo ya kutumia nguvu, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari, 2020. Mara moja baadhi ya vyombo vya habari vilianza kuandika mfululizo wa habari za watu walioachiwa kisha wakatuhumiwa tena, huku waliorudi mahakamani bila tatizo wakikosa nafasi kurasani. Aprili mwaka huo huo, kabla ya data za kutosha kupatikana, sheria ikarekebishwa na kubanwa. Ilirekebishwa tena mwaka 2022 na 2023.

Jimbo la Illinois lilipita njia hiyo hiyo. Kabla ya uchaguzi wa 2022, sheria ya kufuta dhamana ya fedha ilifananishwa na filamu ya kutisha ambayo ndani yake uhalifu wote huruhusiwa kwa usiku mmoja. Sheria hiyo ilianza kutumika Septemba 18, 2023, na bado inawapa majaji mamlaka ya kuamuru mtu anayeonekana kuwa hatari abaki rumande.

Wajibu wa vyombo vya habari na wananchi

Hapa nchini mjadala wa haki jinai unaendelea. Januari 2023, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua Tume ya kuangalia namna ya kuboresha Taasisi za Haki Jinai chini ya Mwenyekiti wake, Jaji Mkuu Mstaafu Mhe. Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huo Tume ikawasilisha ripoti yake. Maboresho ya aina hiyo yanahitaji mwananchi anayeelewa anachosoma.

Mwandishi anayeripoti kesi ana wajibu wa kutofautisha mtuhumiwa, mshtakiwa na mfungwa, na kueleza masharti ya dhamana yaliyotolewa. Ana wajibu pia wa kufuatilia kesi hadi mwisho wake. Mtu aliyeandikwa ukurasa wa mbele siku aliyokamatwa anastahili kuandikwa pia siku mahakama itakapomwona hana hatia.

Mwananchi naye anapomwona mtuhumiwa amerudi mtaani, asichukulie kwamba kesi imekwisha au kwamba rushwa imetumika. Mwenye taarifa kuwa mshtakiwa anatishia mashahidi au anapanga kutoroka azifikishe Polisi au Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, kwa kuwa hizo ni sababu ambazo mahakama huzipima katika suala la dhamana. Aliyeombwa fedha ili apewe dhamana atoe taarifa TAKUKURU, kwa sababu dhamana haiuzwi. Kumshambulia mtu kwa sababu yuko nje kwa dhamana ni kosa la jinai, na kusambaza kwa makusudi taarifa za uongo mtandaoni kunakatazwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Wahenga walisema hasira hasara. Hasara ya hasira katika haki jinai haimwangukii mtuhumiwa peke yake. Humwangukia pia mwathirika wa uhalifu, kwa sababu mtuhumiwa akiuawa na kundi la watu, ushahidi hausikilizwi, ukweli haujulikani, na kama aliyeuawa hakuwa mkosaji, mkosaji halisi hubaki mtaani.