Je, Wajua? Karatasi ya Vita Inavyoweza Kukurudisha kwa Babu

Je, wajua kuwa tarakimu moja na herufi mbili zinaweza kukuonyesha kambi aliyokaa babu wa babu yako? Mwaka 1914 jeshi la Wajerumani huku kwetu lilikuwa na kombania 14 za vita (Feldkompanie, kwa kifupi F.K.). Ukiona "2. F.K." kwenye cheti cha zamani, hiyo ni kombania ya Iringa na Ubena. "5. F.K." ni ya Masoko, karibu na Tukuyu, kwenye lile ziwa ambalo wenyeji husimulia kuwa Wajerumani walitupa humo fedha na silaha zao.

Usitafute Mbeya katika karatasi hizo. Mji huo ulianza miaka ya 1920, enzi za dhahabu ya Lupa. Tukuyu iliandikwa Neu Langenburg, na Kasanga ya Ziwa Tanganyika ikaitwa Bismarckburg. Wengi hukata tamaa hapo, wakidhani babu hakuandikwa popote.

Cheo nacho kinasema. Ombasha na shaushi ni vyeo vya jeshi la Mjerumani, vilivyokuja na Wasudani walioandikishwa Misri mwaka 1889. Koplo na sajini ni vya KAR, jeshi la Mwingereza. Lakini mtu mmoja aliweza kuwa na vyote viwili: majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yaliingia Iringa Agosti 1916, na mwaka uliofuata Waingereza walianzisha kikosi cha 6 cha KAR ambacho wengi wa askari wake walikuwa wamemtumikia Mjerumani. Kwa hiyo mzee mmoja aweza kuwa na namba mbili, tena kwa majina mawili, kwa kuwa jina la jeshini si lazima liwe lile la ukoo.

Kwa Wahehe jambo hili lina uzito wake. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, wapiganaji wa mtawala wao Mkwawa waliuvunja msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski. Baada ya Mkwawa kufa mwaka 1898, vijana wa Kihehe nao waliandikishwa katika jeshi lile lile. Naona ndiyo maana baadhi ya familia hazikuisimulia habari hii, na si vyema kuzihukumu.

Karatasi yenye kisa kizito kuliko zote ni ile ya deni. Oktoba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilipita Ubena, likaendelea hadi Mbozi, kisha likavuka mpaka. Tarehe 25 Novemba likasalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, likiwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100 waliokuwa hawajalipwa kwa muda mrefu. Walipewa hati za mshahara wanaodai, wakapelekwa kuzuiliwa Tabora.

Mmoja aliyeifuata haki hiyo hadi Berlin ni Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari, aliyekwenda vitani akiwa mtoto. Mwaka 1929 alifika Ujerumani kudai mshahara wake na wa baba yake. Akaambiwa amechelewa. Alibaki huko akifundisha Kiswahili na kuigiza katika filamu, hadi akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Majalada ya dai lile lililokataliwa ni miongoni mwa yanayotuwezesha leo kuijua familia yake.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa wazee waliokuwa hai. Inasimuliwa kuwa huko Mwanza wachache tu walikuja na hati, hivyo wengine wakapewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki. Hakuna aliyeshindwa.

Wapagazi hawakuwa na bahati hata hiyo. Ripoti ya mwaka 2021 ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika. Aliyebeba mzigo hadi akafa njiani alistahili kuandikwa sawa na aliyebeba bunduki.

Kama kwenu Iringa, Njombe, Tukuyu au Mbozi kuna karatasi ya namna hiyo sandukuni, ipige picha pande zote mbili, maana mihuri mara nyingine iko nyuma. Waulize wazee jina la jeshini la marehemu, kisha linganisha na vitabu vya ubatizo. Wamoravian wapo Rungwe tangu 1891. Halafu nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako majalada ya enzi ya Mjerumani yamehifadhiwa. Nenda wazee wangali hai.