Kompyuta ya muziki si lazima ikufilisi

JE, msomaji, una mtoto chuoni ambaye kila akija likizo wimbo wake ni mmoja tu: “Mama, ninunulieni kompyuta ya kutengenezea muziki”? Au pengine wewe ndiwe mwanafunzi huyo, mkopo wa HELB ndio kwanza umeingia na vidole vinakuwasha? Kabla hujashika njia kwenda barabara ya Luthuli jijini Nairobi na noti mfukoni, keti kidogo tuzungumze.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alipokea mkopo wake wa muhula, akaongeza vijisenti alivyokuwa ameweka akiba na kununua kompyuta ya kupendeza ajabu. Ubavu wake ulikuwa wa kioo, na ndani mlikuwa na taa za rangi zilizomemeteka kama za matatu ya usiku. Aliambiwa dukani kwamba hiyo ndiyo mashine ya maprodyusa.

Alipofika chumbani, hakuwa na fedha za kipaza sauti wala za hedifoni. Aliazima kipaza sauti cha bei rahisi, akakichomeka nyuma ya mashine na kuanza kuimba. Sauti ilimrudia ikiwa imechelewa, tena imejaa mvumo. Kufikia katikati ya muhula, kodi ya chumba ilikuwa imemkaba koo. Mashine ile aliiuza kwa karibu nusu ya bei aliyoinunulia, na mamake hakutaka tena kusikia neno muziki nyumbani mwake.

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa vyote ving’aavyo si dhahabu. Kijana huyo alilipia kitu ambacho kazi yake haikuhitaji. Sehemu kubwa ya bei ya mashine ya aina hiyo huwa ni ya kadi ya picha, ambayo kazi yake hasa ni kuchora michezo ya video kwenye kiwambo. Mtengenezaji wa muziki anaweza kuikosa na asipungukiwe na lolote.

MUZIKI UNAHITAJI NINI?

Mambo ya kuangalia ni matatu. La kwanza ni prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta. Kila ngoma, kila gitaa na kila mwangwi unaoongeza kwenye wimbo hupigiwa hesabu hapo, tena papo hapo wimbo unapocheza. Ubongo ukizidiwa, sauti huanza kukatikakatika.

La pili ni kumbukumbu, ile mafundi huiita RAM. Ichukulie kama meza ya jikoni. Meza ikiwa ndogo, kila mara utalazimika kurudisha sufuria kabatini ili upate pa kukatia vitunguu. Gigabaiti 8 zinatosha kuanzia, lakini ukipata 16 utafanya kazi kwa raha.

La tatu ni diski, ambayo ni ghala lako. Hakikisha ni ya aina ya SSD, kwa kuwa hufungua programu upesi na, tofauti na zile za zamani zinazozunguka, haina kelele. Usitishwe na wanaokwambia kwamba huwezi kuanza bila ghala kubwa mno. Dakika moja ya sauti moja, ikinaswa kwa vipimo 44,100 kila sekunde na kwa biti 24, hula karibu megabaiti 8. Hivyo basi, wimbo wa dakika 4 wenye sauti 10 utakula takriban megabaiti 320. Diski ya gigabaiti 256 itakufaa mwanzoni, mradi uwe na mahali pengine pa kuhifadhi nakala za kazi zako.

MTUMBA WA OFISINI

Habari njema ni kwamba mashine yenye sifa hizi si lazima iwe mpya. Madukani mwetu kumejaa kompyuta za mezani zilizotumika katika ofisi za ng’ambo, hasa za Dell, HP na Lenovo. Hazina taa wala kioo, na ukiiweka moja sebuleni hakuna mgeni atakayeuliza bei. Lakini ziliundwa zifanye kazi kutwa nzima bila kulalamika. Isitoshe, kwa fedha zile zile, kompyuta ya mezani kwa kawaida hukupa nguvu zaidi kuliko ile ya kupakata, na ni rahisi kuifungua na kuiongezea kumbukumbu.

Hata hivyo, kuwa macho. Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 mnamo Oktoba 2025. Windows 11, kwa masharti ya kampuni hiyo yenyewe, inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda mbele, au zile za AMD Ryzen kuanzia namba za 2000, isipokuwa chache. Mashine nyingi zinazouzwa bei ya kutupa ni za kizazi cha 4 au cha 6, na ndiyo sababu zinatupwa.

Kizazi utakijuaje? Soma jina la prosesa. Ukiona i5-8500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, nacho ndicho kizazi. Ukiona i5-6500, hicho ni cha 6. Ukiona i5-10500, ni cha 10. Prosesa za i5 za kizazi cha 8 za kompyuta za mezani zina viini 6, na hizo zinamtosha mwanafunzi.

Ukiwa dukani, usikubali kuonyeshwa karatasi iliyobandikwa tu. Omba mashine iwashwe, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litafunguka, na humo utaona jina la prosesa, kiasi cha kumbukumbu na aina ya diski. Sikiliza feni pia. Ikiwa inavuma dukani penye kelele za barabarani, chumbani usiku kipaza sauti kitainasa vizuri zaidi kuliko sauti yako. Jaribu kila tundu la USB. Mwishowe, dai risiti na dhamana iliyoandikwa.

USISAHAU VILIVYO NJE YA SANDUKU

Hapa ndipo wengi huteleza. Msikilizaji hatasikia prosesa yako. Atasikia kile kilichoingia kupitia kipaza sauti na kile ulichoweza kukisikia ulipokuwa ukichanganya nyimbo.

Kwa hivyo, gawa fedha zako mafungu kumi. Manne yanunue kompyuta pamoja na kiwambo chake. Mawili yanunue intafesi, kile kisanduku kidogo cha kuingizia sauti kwa waya wa USB. Mawili mengine ni ya kipaza sauti na stendi yake. Moja ni la hedifoni za kufunika masikio, ambazo pia zitakulinda dhidi ya ugomvi na majirani wa hosteli. La mwisho ni la betri ya akiba, ile UPS, pamoja na diski ya nje. Kompyuta ya mezani haina betri yake, na stima ikipotea ghafla kazi ambayo hukuihifadhi hupotea nayo. Ikiwa huimbi, bali unatengeneza mapigo tu, fedha za kipaza sauti zinunue kibodi ndogo ya kinanda.

Intafesi ndiyo dawa ya ile sauti iliyochelewa. Kompyuta hupokea sauti kwa vifungu. Kifungu cha vipimo 128 huchukua kama milisekunde 3, na mwimbaji hatambui. Kile cha vipimo 1,024 huchukua zaidi ya milisekunde 23 kwa upande mmoja tu wa safari, na hapo mwimbaji huanza kujikwaa. Intafesi yenye programu yake nzuri huiwezesha kompyuta kufanya kazi kwa vifungu vidogo bila kukwama.

Na programu ya kutengenezea muziki je? Epuka zile za wizi, kwani nyingi huja na virusi. LMMS na Audacity ni za bure. Reaper hukuruhusu kuijaribu kwa siku 60, na leseni yake nafuu ni dola 60 za Marekani. FL Studio unaweza kuijaribu bila malipo, lakini kazi uliyoihifadhi hutaweza kuifungua tena hadi ulipie.

Mzazi, usiogope. Katika miaka ya 1970, aliyetaka kurekodi benga alikwenda River Road, na saa za studio zililipiwa. Leo vifaa hivyo vinaenea juu ya meza moja, nawe unaweza kumsikia mwanao akifanya kazi. Mwulize swali moja tu kabla ya kutoa fedha: “Baada ya kununua kompyuta, utabaki na nini cha kuimbia?” Akikosa jibu, mwambie angoje.

Yule kijana wetu alingoja. Alifanya vibarua likizo mbili, akanunua mtumba wa ofisini, intafesi na kipaza sauti. Alitundika mablanketi ukutani ili kuzuia mwangwi. Wa kwanza kuketi mbele ya kipaza sauti hicho alikuwa nyanyake, aliyeimba nyimbo za arusi za ujana wake, ambazo hakuna mwingine nyumbani anayezijua zote. Mamake sasa ndiye huzitaka zichezwe kila Jumapili.